Gauni la Dabi la Wifi Yangu

Wifi yangu Glenys, mke wa mdogo wangu Neville, alikuja kutaka nimshonee gauni la Dabi, siku kuu ya mbio za farasi. Ilikuwa Jumanne, mwanzoni mwa Oktoba, mwaka wa sitini na tisa. Hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa mbele kama mwenye nyumba, akapita katikati ya magauni ya watu yaliyoning'inia kwenye kamba, akayapangusa kwa mabega kama mtu apitaye shambani.

"Wifi, usiniambie huna nafasi," akasema. "Neville amepata tiketi. Tena si za kusimama uwanjani na walevi. Za jukwaani!"

Nilikuwa na pini sita mdomoni, kwa hiyo sikumjibu mara moja. Nilimtazama tu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na shingo ndefu; hata angevishwa gunia lingempendeza. Mimi nilikuwa na arobaini na mmoja. Mabega yangu yalikuwa yameinama kwa sababu ya cherehani, na vidole vimetobokatoboka.

Mtaani kwetu Footscray ukisimama mwisho wa barabara unauona uwanja wa mbio za farasi ng'ambo ya mto, na siku ya Dabi, Jumamosi ile ya kwanza ya mashindano, upepo ukiwa mzuri unasikia watu wakipiga kelele. Siku hiyo wanawake huvaa nyeusi na nyeupe tu. Wakati ule fasheni zilikuwa zinabadilika kila kukicha. Mwaka huu machungwa, mwaka ujao zambarau, mara maua makubwa kama masahani, na nguo niliyoishona Machi ilikuwa imeshakuwa kichekesho kufikia Desemba. Lakini nyeusi na nyeupe zilirudi kila mwaka na hakuna aliyezicheka. Mwanamke mfupi, mrefu, mnene, mwenye uso wa kawaida, ukimkatia nguo vizuri kwa rangi hizo mbili anasimama kama mtu mwenye hadhi yake. Mama alikuwa akisema chumba changu mwezi wa Oktoba kimejaa kunguru.

Nimewashonea wanawake wa Dabi miaka kumi na tisa. Mwenyewe sikuwahi kuvuka mto kuiona.

"Nyeupe gani unataka?" nikamuuliza Glenys.

Hakunijibu. Alikuwa amenyanyua shingo anatazama rafu ya juu. Pale juu, ndani ya karatasi laini, niliweka kipande cha krepu ya sufu, nyeupe kama maziwa ya asubuhi, nilichonunua miaka saba kabla ya hapo kwa ajili yangu. Sikuwa nimeamua nitashona nini. Nilikuwa nakishusha mara mojamoja, nakishika, nakirudisha.

"Ile," akasema.

"Ile si ya kuuza."

"Ya nani?"

Kabla sijafungua kinywa, Mama akajibu kutoka jikoni. Mama alikuwa hasikii kengele ya mlango, lakini maneno kama hayo aliyasikia kupitia kuta mbili. "Ni yake hiyo! Inaoza hapo tangu enzi. Mpe mwenzio, Merle. Wewe utaivaa wapi?"

Utaivaa wapi. Alisema bila ubaya wowote, mikono yake ikiwa kwenye unga wa skonzi. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Lazima mnielewe. Baba alipokufa nilikuwa na miaka kumi na sita na Neville alikuwa na mitano. Mimi ndiye niliyemlea, nikamsomesha kwa cherehani hii hii, nikamfulia, nikamfundisha kufunga tai siku aliyoanza kazi benki. Mama nimekaa naye, nimemkanda miguu, nimemsikiliza akikoroma kila usiku wa maisha yangu. Halafu anatokea msichana wa duka la viatu, anaolewa Februari, na kufikia Pasaka Mama anamwita "binti yangu." Glenys alimpeleka Mama kutengenezwa nywele. Glenys alimchekesha Mama mpaka akashika mbavu. Mimi sikukumbuka mara ya mwisho nilipomchekesha mama yangu.

Nilipanda kiti, nikaishusha krepu.

"Dada, wee ni malaika!" Glenys akanirukia, akanibusu shavuni.

Nilimpima. Kiuno chake kilikuwa kiuno cha mtu ambaye hajawahi kukaa saa kumi juu ya kiti kisicho na mgongo. Niliandika namba zile nikabonyeza penseli mpaka ikavunjika.

Mshono nilioufikiria ulikuwa mzuri kupita yote niliyowahi kushona, na hilo nasema bila haya. Gauni jeupe lisilo na mikono, limekatwa wima kutoka bega la kushoto hadi pindoni, na upande mmoja mweusi mtupu. Ukosi mweusi, mkanda mweusi. Hakuna ua, hakuna kifungo kinachoonekana. Kila kitu kilitegemea ule mstari ambapo rangi mbili zinakutana.

Nilikuwa na nyeusi mbili. Moja ilikuwa krepu ya sufu iliyotiwa rangi vizuri, nyeusi ya kina. Nyingine nilibakiza kutoka kwenye koti la mjane mmoja. Mjane yule alinirudishia koti baada ya wiki, akanivuta hadi uani, akanionyesha: kwenye jua lilikuwa la kahawia, rangi ya chai iliyolala. Ndani ya nyumba, chini ya taa, hata mimi nisingeweza kuzitenganisha nyeusi hizo.

Ukosi na mkanda nilikata kwenye nyeusi nzuri. Upande mzima wa gauni, kutoka bega hadi pindo, nilikata kwenye ile ya mjane.

Sikukosea. Nataka hilo lieleweke. Niliziweka mezani zote mbili, nikachukua mkasi, nikachagua. Nilimwona akilini amesimama jukwaani na jua limempiga, wanawake wakigeuka, shingo yake ile ndefu ikianza kuona haya, na nikajisikia vizuri kama mtu aliyekunywa kitu cha moto.

Mapazia ya chumba changu huwa yamefungwa mwezi huo, kwa sababu jua huifanya nyeupe kuwa njano. Kwa hiyo Glenys alijaribu gauni mara tatu na mara zote aliliona chini ya taa. Mara ya tatu alisimama mbele ya kioo akapitisha kidole kwenye ule mstari, kutoka begani hadi kiunoni.

"Wifi," akasema polepole, "sijawahi kuwa hivi."

Mama akaja akasimama mlangoni, machozi yakamlengalenga. Mimi nikapiga magoti nikapima pindo ambalo lilikuwa limeshanyooka.

Alilichukua Alhamisi. Jumamosi asubuhi wakaja wote wawili, yeye na Neville. Glenys alikuwa ameshavaa, na juu ya gauni koti la mvua limefungwa vifungo vyote. Neville alikuwa amevaa suruali yake ya kulimia bustani.

"Mbona hujavaa?" nikamuuliza. "Mtachelewa treni."

"Mimi siendi, dada. Unaenda wewe." Akaniwekea tiketi mkononi.

Nilicheka, nikadhani utani. "Niende wapi? Sina hata nguo."

"Hiyo uliyovaa ina nini?" Glenys akasema.

Nilijitazama. Nilikuwa nimevaa sketi yangu nyeusi ya kazi na blauzi nyeupe ya pamba, nguo ninazovaa siku zote kwa sababu hazigombani na rangi ya kitambaa cha mteja. Mama akaja na kofia yake nyeusi ya majani na glavu zake, akanivisha mwenyewe, akanirekebisha nywele pembeni kwa kidole. Alikuwa mpole sana. Wote walikuwa wapole sana, na sikujua kwa nini.

Ningeweza kukataa. Lakini nilitaka kuona. Nilitaka niwepo.

Kulikuwa na mawingu tulipotoka, na njia nzima niliyaomba yaondoke. Tulipofika yaliondoka. Glenys akavua lile koti mlangoni mwa jukwaa, na jua likamwangukia.

Ilikuwa vile vile nilivyotaka. Ukosi mweusi, mkanda mweusi, na kati yake upande mzima wa rangi ya chai iliyolala. Kwenye uwanja uliojaa maelfu ya wanawake wa nyeusi na nyeupe, ungemwona kutoka ng'ambo. Mwanamke mmoja alimgusa mwenzake kwa kiwiko. Wasichana wawili waligeuka wakaficha midomo kwa karatasi za ratiba ya mbio. Nilingoja uso wa Glenys uanguke.

Haukuanguka. Alinyoosha shingo, akanishika mkono, akatembea.

Basi tukakutana na Bi Pengelly, mteja wangu wa miaka kumi na miwili, ambaye ana sauti ya kuitia ng'ombe. Alimtazama Glenys juu hadi chini.

"Ala! Mwanangu, nani amekushonea hili? Hizo ni nyeusi mbili tofauti! Mtu hana macho?"

Katika hesabu zangu zote sikuwa nimefikiria swali hilo. Akilini nilikuwa nimemwona Glenys akiaibika mara elfu, lakini jina langu sikuliona limesimama pale pembeni yake. Akisema tu "Merle," kufikia Jumatatu hakuna mwanamke wa upande wetu wa mto angeniletea hata pazia la kupinda.

"Nimelinunua mjini," Glenys akasema.

"Duka gani hilo? Niambie, nisikanyage."

"Wee, Bi, usinitie aibu zaidi! Nilidanganywa na taa za dukani. Ningekuwa na akili ningemwachia wifi yangu huyu anishonee." Akacheka, na Bi Pengelly akacheka, akanipiga begani akaniambia niwe namwangalia huyu mtoto.

Kijana wa gazeti alikuwa karibu, akasikia kicheko, akaja na kamera. Glenys akageuza bega, akapigwa picha.

Mbio sikuziona. Watu waliruka na kupiga kelele, nami nilikaa na glavu za Mama mapajani nikijiuliza kwa nini Glenys amenifichia siri. Kwenye treni ya kurudi ndipo alipoinama kwangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Wifi, mara ya mwisho ulipimwa macho lini?"

Sikumwelewa.

"Alhamisi nililitundika barazani lipate hewa. Nikaona. Nikamwita Neville, naye akaona. Tukamwambia Mama." Akanibana mkono. "Hatukutaka kukushtua kabla ya Dabi, na kazi zote zile. Tukaona bora uje ukae na watu kidogo, upumzike. Miaka ishirini na ile taa, dada, nani asingechoka macho?"

Nilitazama dirishani. Nilikuwa na vituo vitatu vya kusema ukweli. Sikusema.

Jumatatu picha ikatoka gazetini. Na gazeti la siku zile, kama mnavyojua, halikuwa na rangi. Ile kahawia yote ilikuwa imekuwa nyeusi. Ukosi, mkanda, upande, vyote nyeusi moja ya kina, na nyeupe yangu ikiwaka pembeni, na mstari ule ukishuka kutoka begani bila kuyumba. Lilikuwa gauni zuri kuliko yote ya ukurasa ule. Chini waliandika: Bi Glenys Tickner, gauni kutoka duka moja la mjini. Mimi nilionekana kiwiko tu, cha blauzi nyeupe.

Mama aliikata picha akaibandika juu ya jiko. Nilipika chini yake wiki tatu. Kila nilipogeuza nyama ya kondoo kwenye kikaango, shingo ile ilikuwa juu yangu. Ubaya wangu ulikuwa umefutwa, na uzuri wangu umepewa duka ambalo halipo. Nilikuwa na wivu hata na picha.

Na wakati huo huo walinipenda. Hilo ndilo nililoshindwa kulibeba. Mama alinitungia uzi kwenye sindano, vidole vyake vikitetemeka. Neville alileta taa mpya ya meza. Glenys alikuja kila jioni akitoka dukani, akanipindia mapindo, akayapinda vibaya, nikayafumua akiondoka. Siku moja Mama alinilaza kichwa mapajani mwake akanifunika macho kwa kitambaa cha maji ya baridi. Nililala pale na macho yangu mazima, nikitaka aendelee.

Mwisho wa Novemba Glenys akanipeleka kwa daktari wa macho mjini. Aliomba ruhusa kazini. Daktari, mzee mkavu, alinisomesha herufi hadi mstari wa chini kabisa, kisha akanisomesha jina la kiwanda lililochapwa pembeni mwa kadi. Akanionyesha vibao vya rangi, nikavipanga. Akafungua mlango, akamwambia Glenys aliyekaa nje na mikoba yetu yote miwili:

"Mama huyu ana macho ya msichana. Nani amesema haoni?"

"Na rangi, daktari?"

"Rangi anaona kuliko mimi."

Glenys alisema ahsante. Alinipa mkoba wangu. Tulishuka ngazi, tukatoka barabarani, tukatembea hatua kama ishirini. Kisha akasimama mbele ya duka la kofia.

"Sema mwenyewe," akasema.

Nikasema. Nilimwambia juu ya koti la mjane, juu ya mkasi, juu ya kile kiti nilichopanda kushusha krepu. Watu walitupita pande zote. Nilipofika mahali pa jua na shingo yake alinyanyua mkono nikadhani atanipiga kofi, lakini alikuwa anajifuta pua.

"Mimi nilikutetea mbele ya Bi Pengelly," akasema. "Nimekupindia nguo wiki tatu. Nimelala nalia nikijiambia wifi anapofuka."

"Najua."

"Hujui! Unajua Neville huniambia nini kila siku? Merle angetia chumvi kidogo. Merle hukunja shati hivi. Merle, Merle! Naishi na wewe kitandani, jamani! Nami nikasema, sawa, basi nimpende, maana nisipompenda nitamchukia." Akavuta pumzi. "Ulikuwa unanichukia tangu lini?"

"Tangu Februari."

"Hata harusi haikwisha?"

"Hata keki haikuletwa."

Kidogo acheke. Niliona midomo ikitaka. Lakini akaigeuza, akaniambia: "Kamwambie mama yako mwenyewe. Mimi simwambii," akaenda kituoni peke yake. Nilisubiri treni ya pili.

Mama nilimwambia jikoni. Hakupiga kelele. Aliibandua ile picha juu ya jiko, akaitazama karibu sana na uso, kama anayetafuta ile kahawia.

"Kitambaa kizuri kama kile," akasema. Halafu akaniuliza, "Mimi nilikufanya nini, Merle?"

Nilikuwa na majibu ya miaka ishirini na tano. Nilisema, "Uliniuliza nitaivaa wapi." Alinitazama, na nikaona kwamba hakukumbuka kabisa kama aliwahi kulisema.

Krismasi Neville alikuja peke yake, akala, akaosha vyombo, akaondoka. Januari nilikuta lile gauni limetupwa barazani ndani ya mfuko wa karatasi. Nilifumua ule upande, nikakata mwingine kwenye nyeusi nzuri, nikaushona kwa mkono mshono kwa mshono, nikamrudishia kupitia Neville. Sikupata jibu. Mama alianza kwenda kutengenezwa nywele na mimi; tulikaa chini ya mashine mbili za kukausha nywele tukisoma magazeti, hatuna la kuambiana, lakini tulikwenda.

Glenys alirudi Septemba. Alibisha hodi. Nilipofungua nilimwona ana mimba ya miezi sita, na chini ya kwapa ana furushi la kitambaa.

"Kuna mshonaji mwingine kule Yarraville," akasema kabla hajakaa. "Nilimwendea. Amenifanya kama hema la sarakasi."

"Wanaojua kushonea mimba ni wachache."

"Basi shona." Akafungua furushi mezani. Krepu nyeusi, krepu nyeupe, amenunua mwenyewe. "Na usiniambie mwanamke mwenye tumbo avae maua. Dabi ni Dabi."

Nilishika nyeusi yake pamoja na kipande cha ile yangu nzuri, nikaenda kwenye mlango wa nyuma.

"Unaenda wapi?"

"Uani. Njoo uone mwenyewe kabla sijakata."

"Sikukuomba," akasema. Lakini alikuja. Tulisimama kando ya kamba ya nguo, tukageuza vitambaa huku na huku kwenye jua, na yeye akatazama kwa makini kuliko mimi, akavikwangua kwa ukucha, akavinusa. Mwisho akatikisa kichwa kukubali.

Nikarudi ndani kuleta futi ya kupimia. Kupitia dirishani nilimwona amebaki pale uani, mkono mmoja kiunoni, ameinua uso kwenye jua, shingo yake ile ile, na tumbo ambalo mimi sitalipata. Wivu ukanichoma, mahali pale pale pa zamani. Nilisimama nikaungoja upite. Ulichukua muda. Kisha nikatoka na futi, nikamwambia anyanyue mikono.